Nilipoacha Vyungu Nikaanza Kuonja

Kwa miaka kumi na miwili kazi yangu ilikuwa kutunza vyombo ambavyo hakuna mtu angevipikia tena. Nilikuwa msaidizi wa ghala katika makumbusho madogo jijini. Asubuhi nilinawa mikono, nikavaa glavu nyeupe za pamba, nikafungua mlango wa chumba kirefu kisicho na dirisha. Humo mlikuwa na vyungu, vibuyu vya maziwa, miko, mawe ya kusagia, nyungo, na mirija mirefu ya kunywea busaa, pombe ya nafaka. Kila kitu kilikuwa na namba yake na kadi yake. Nilipima kimo, nikapima upana wa mdomo, nikaandika kimetengenezwa kwa nini na kimetoka wapi, kisha nikakirudisha rafuni.

Niliipenda kazi hiyo kwa sababu ya ukimya wake. Nimezaliwa na kulelewa Soweto West, Kibera, katika chumba kimoja cha mabati na mama yangu, ambaye alikaanga samaki mbele ya mlango wetu. Ukuta wetu ndio uliokuwa ukuta wa jirani. Mtu akipiga chafya upande wa pili, sisi tulimwambia pole. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoingia ghalani na kusikia pumzi yangu mwenyewe, nilijua nitakaa.

Mkuu wa ghala alikuwa mzee mmoja mrefu, mtu wa Magharibi mwa Kenya, mpole sana ila kwa jambo moja. Chakula hakikuruhusiwa kuvuka mlango ule. Hata pipi mfukoni aliinusa. "Punje moja inaita mdudu," alikuwa akisema, "na mdudu hali punje peke yake." Saa saba tulitoka kula kwenye ngazi za nyuma, yeye na mkate wake na chai, mimi na mkebe wangu.

Ndani ya mkebe karibu kila siku mlikuwa na mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa. Mama aliikaanga mpaka mapezi yakavunjika mdomoni kama biskuti, kisha akaizamisha kwenye mchuzi wa nyanya na dhania. Mzee alikuwa akinitazama nikifungua kifuniko.

"Leo ni nini?"

"Kama jana, Mzee."

"Basi nipe kama jana."

Miaka ilipita hivyo. Nilihama Kibera nikapanga chumba Kabiro, kule Kawangware, lakini kila Jumapili baada ya kanisa nilikuwa kwa Mama, na kila Jumatatu mkebe wangu ulijaa.

Mwaka wangu wa tisa kazini walikuja akina mama wa kikundi kimoja cha kanisa kutoka Magharibi. Walikuwa wameomba kuona vyombo vilivyotoka kwao. Mmoja wao alikuwa bibi mzee sana, wenzake wakimwita Kukhu, kama wanavyomwita nyanya huko kwao. Wengine walipita haraka wakichekelea vitu walivyovijua. Yeye alisimama mbele ya chungu kidogo cheusi chenye mdomo mwembamba na hakusogea.

"Naomba kukishika," alisema.

Nilimletea glavu. Akazitazama kama mtu aliyeletewa soksi za kulia ugali.

"Mikono yangu imefinyanga vingi vya aina hii, mwanangu. Chungu hakiniogopi."

Nilimgeukia Mzee. Mzee akageuka akaanza kuhesabu vibuyu vilivyokuwa nyuma yake, vibuyu ambavyo alijua idadi yake kuliko umri wake. Nilikitoa chungu nikampa. Kukhu alikileta usoni, akaingiza pua kwenye mdomo wa chungu, akavuta pumzi ndefu.

"Mmeandika hiki ni cha nini?"

Nikamsomea kadi. Ilisema chungu cha pombe, udongo uliochomwa, Magharibi mwa Kenya, kisha vikafuata vipimo.

"Si cha pombe. Hiki ni cha munyu."

Munyu ni maji yanayochujwa kutoka kwenye jivu la maganda ya maharagwe, ya kulainishia mboga ngumu. Nilimuuliza amejuaje. Akaninyoshea chungu.

"Nusa."

Miaka tisa nilikuwa nimevishika vitu vile kila siku na sikuwahi kunusa hata kimoja. Nilinusa. Kwanza nilipata vumbi tu. Kisha, chini ya vumbi, kitu kikavu chenye uchungu kidogo, kama mafiga yaliyonyeshewa. Sijui kilikuwa kimebaki humo kwa miaka mingapi.

Kukhu akaichukua kadi yangu, akaigeuzageuza ingawa hakuisoma. "Mmeandika urefu wake na unene wake," alisema. "Sawa. Lakini mboga iko wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Aliniuliza kama mtu anavyouliza choo kiko upande gani.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa Mama na rundo la kadi zilizoharibika ambazo kazini zingetupwa. Yeye alikuwa akiparua samaki, mimi nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Mama, nyanya alikuwa akipika nini mvua ikinyesha siku nzima?"

Alicheka bila kuinua kichwa. "Swali gani hilo?"

"Nataka tu kujua."

"Osuga," alisema. Hiyo ndiyo mboga ambayo Nairobi tunaiita managu. "Anaichemsha, anaitia maziwa, anaiacha. Kesho anaongeza maziwa, anaiacha tena. Siku ya kwanza inakataa, siku ya pili inafikiria, siku ya tatu inakubali." Akaniona naandika nyuma ya kadi. "Nyathina, mwanangu, kwani chakula kinaandikwa?"

"Kinaandikwa, Mama."

"Basi andika vizuri. Andika kwamba maziwa yawe ya ng'ombe aliyekula nyasi, si haya ya pakiti."

Ikawa desturi yetu. Mimi niliuliza, yeye alijibu akiparua, akikaanga, akimtolea mteja samaki na kumwongezea kachumbari. Mara nyingine aliacha kazi kabisa, akatazama juu ya paa za mabati, na nikajua kwamba ameshafika kwao, ziwani. Siku hizo sikumharakisha.

Baadaye niliandika ukurasa mmoja kuhusu mgongo wazi, jinsi mifupa inayoachwa na watu wengine inavyogeuka chakula cha mji mzima, nikautuma kwa gazeti moja la wikendi. Wiki tatu baadaye mwanamke mwenye sauti ya haraka alinipigia simu. Alikuwa mhariri wa ukurasa wa vyakula na vinywaji.

"Ni wewe wa samaki?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Nimekusoma nikiwa na njaa, na sasa nimekasirika. Una nyingine?"

Mama hakuwa msomaji mzuri. Jirani alimsomea makala yale kwa sauti, mara mbili, wateja wakisikiliza. Kisha aliyakata kwa makasi akayabandika ukutani nyuma ya jiko. Kila Jumapili niliyakuta yamezidi kuloa mafuta, mpaka yakawa yanapitisha mwanga na herufi za upande wa pili zikaonekana.

Kwa miaka miwili hivi niliishi maisha mawili. Siku za kazi nilikuwa ghalani na glavu zangu. Jumamosi nilikuwa sokoni Kawangware, nikiwauliza akina mama wa mboga kwa nini mrenda wa leo unateleza kuliko wa jana. Mvinyo ulikuja bila mimi kuutafuta. Mwandishi aliyeandika habari zake alihamia nchi nyingine, na mhariri akanitaka niende hotelini mchana mmoja, kwenye meza ya kuonja.

"Mimi sijui mvinyo," nilimwambia.

"Hata gazeti ulikuwa hulijui."

Nilivaa gauni langu la kanisani. Kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe na glasi zimepangwa mbele ya kila mtu. Mwanamume aliyeuza mvinyo alitueleza tunachopaswa kunusa. Alitaja matunda ya kwao, matunda ya vichakani na maua ya baridi, na wenzangu waliandika wakitikisa vichwa. Mimi sikuwa nimewahi kuona hata moja la matunda yale. Nilianza kuona aibu. Kisha nikamkumbuka Kukhu, nikaingiza pua ndani ya glasi kama alivyoiingiza yeye ndani ya chungu, bila haya.

Zikanijia zambarau. Kwa nyanya yangu ziwani kulikuwa na mti wa zambarau, na msimu wake zilidondoka nyingi kuliko tulivyoweza kula, zikalala chini kwenye vumbi, zikaanza kuchacha, nyuki wakazizunguka. Ndiyo harufu niliyoipata. Nilipoonja, ulimi ulikauka na meno yakashikwa na ganzi. Sisi hilo tunaliita ukakasi, na hata mtoto anajua maana yake.

"Na wewe, madam?" yule mwanamume aliniuliza. "Umepata nini?"

"Zambarau zilizodondoka jana," nilisema. "Na vumbi la mvua ya kwanza. Na ukakasi mwingi."

Nyuma yangu, mhudumu aliyekuwa ameshika jagi la maji akasema polepole, "Ai, ni kweli kabisa." Alikuwa amekaa na mvinyo ule miaka, nadhani, akisubiri mtu autaje kwa lugha aliyoielewa. Mhariri aliposikia kisa hicho aliniambia niandike hivyo hivyo, nisiongeze hata tunda moja la kigeni.

Pale Kabiro habari zilienea kwa namna yake. "Niaje, mama waini!" vijana wa plot walinisalimia. Mama mwenye nyumba aliniuliza kwa uchungu halisi kama kanisani wanajua. Nilimwambia kwamba ninaonja na kutema. Alifikiri kidogo, akasema hiyo ndiyo dhambi kubwa zaidi.

Kisha mhariri akanitaka niuchukue ukurasa mzima. Ingebidi nisafiri katikati ya wiki, kwenda mashambani na jikoni mwa watu. Nisingeweza kuwa ghalani. Nilikaa na jambo hilo kwa mwezi, nikivipitia vyungu vyangu kimoja kimoja kama mtu anayeaga bila kusema. Hatimaye nilimwambia Mzee, tukiwa kwenye zile ngazi.

Alimaliza kutafuna kwanza.

"Umevichoka?"

"La, Mzee. Nikivishika nasikia njaa."

Hakucheka. "Mimi nimekaa humu maisha yangu yote nikiogopa wadudu," alisema. "Labda ni sawa mmoja wetu atoke."

Siku yangu ya mwisho hakuja na mkate. Alikuja na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, akaibeba kutoka kwake, pale kituo cha 46 Kawangware, ikiwa ya moto. Mkewe alikuwa amepika kuku na ugali wa wimbi. Alinikatia paja, akaniwekea kwenye kifuniko.

"Onja, kisha uniambie. Lakini usiniambie ni tamu. Kila mtu anasema ni tamu."

Nilikula nimefumba macho. Nilimwambia kuku yule alikaushwa kidogo kwenye moshi kabla ya kuchemshwa, kwamba mchuzi haukutiwa nyanya wala viungo, na ndiyo maana nilisikia kuku mwenyewe, mtu mzima, aliyetembea sana. Nilimwambia wimbi ulikaribia kuungua, ukaepuliwa kwa wakati. Mzee alisikiliza kwa makini kama alivyosikiliza ripoti za unyevu wa ghala. Kisha akanyosha mkono na nikaelewa kwamba anataka funguo. Nikampa. Akazitia mfukoni, akaanza kufuta sufuria kwa kipande cha ugali, na sote wawili tulijifanya tunatazama uani.

Nilidhani furaha ingetosha. Kwa wiki chache ilitosha. Baadaye mikono ilianza kunidai. Niliamka asubuhi Kabiro, nikanawa, na vidole vikabaki hewani vikingoja glavu. Jikoni mwa hoteli nilijikuta napima mdomo wa bakuli kwa shubiri. Ghalani, kitu nilichokiweka Jumatatu nilikikuta Ijumaa. Chakula hakingoji. Unakikuta kizuri, unakila, na umekimaliza wewe mwenyewe. Nilikosa mahali ambapo vitu vinabaki.

Wakati huo huo kifua cha Mama kilianza kumsumbua. Daktari alisema miaka ya moshi imetosha. Alifunga jiko lake, akagawa sufuria kwa majirani, akarudi kwao ziwani kukaa na dada yake. Jumapili zangu zikabaki tupu. Nilimpigia simu saa ile ile ambayo ningekuwa nimekaa kwenye kigoda.

"Umekula nini leo, Mama?"

"Wewe kwanza. Umekula nini?"

Tuliweza kumaliza simu nzima hivyo, tukilishana maneno.

Nilikwenda kumwona Desemba, nikabeba chupa ya mvinyo mwekundu, ule wa zambarau. Nilitaka ajue ninachofanya. Nilimmiminia kidogo kwenye kikombe cha chai. Akaonja, uso ukakunjamana wote.

"Hii imeharibika."

"Ndivyo ulivyo, Mama."

"Watu wanakunywa hii kwa hiari yao?" Akaurudisha mezani. Baada ya muda niliona mkono wake ukirudi kwenye kikombe. "Hebu tena. Nataka kuhakikisha."

Kesho yake aliniomba nimpikie mgongo wazi. Yeye hakuweza tena kukaa karibu na moto. Nilipika nikifuata makala yangu mwenyewe, neno kwa neno: chumvi, jua kidogo, mafuta, nyanya, dhania. Alikula taratibu, akaondoa miiba, akaipanga pembeni ya sahani. Mimi nilisubiri kama mtoto anayesubiri ripoti ya shule.

"Ni nzuri," alisema. Kisha, kwa upole, "Lakini si yenyewe."

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Pale Soweto sikuwahi kumwaga mafuta yote. Nilikuwa naongeza mapya juu ya ya zamani. Yalikuwa na samaki wa miaka." Akanitazama. "Na wewe ulikuwa unatoka shule na njaa. Hiyo utaitoa wapi?"

Tulicheka mpaka kifua chake kikamkatiza. Nilimshika mgongo nikamwambia asiseme tena, kwamba nitarudi Pasaka na tutaandika mengine. Alifariki kabla ya mvua za masika.

Baada ya mazishi nilizitoa kadi zote nikazitandaza kitandani. Zilikuwa nyingi, na kila moja ilinionyesha ambayo haipo. Sikuwa nimemuuliza kuhusu aliya, ile nyama ya kukaushwa juani ambayo nyanya aliipika kwa siagi ya kienyeji. Sikuwa nimemuuliza alikula nini siku yake ya kwanza Nairobi. Sikuwa nimemuuliza ni nani aliyemfundisha kukaanga. Nilikuwa nimefunzwa kazi ya kutopoteza kitu, na kumbe nilifikiri yeye atakuwa rafuni kila nitakaporudi.

Nilikwenda Soweto West. Mlango wetu ulikuwa umepakwa rangi ya waridi, na ndani mlikuwa na saluni. Msichana aliyekuwa akisuka mteja aliniuliza, "Unatafuta nani, mathe?"

"Hakuna. Nilikuwa naishi hapa."

Alinitazama, akasukuma stuli kwa mguu bila kuachia nywele. Nilikaa. Kulinukia mafuta ya nazi na shampuu. Nilivuta pumzi kwa nguvu, nikatafuta chini ya harufu hizo, nikitumaini kwamba mabati yameshika kitu. Hayakuwa yameshika chochote, au pua yangu haikutosha. Nilimshukuru yule msichana nikaondoka.

Wiki nne sikuandika. Mhariri aliweka makala ya zamani mahali pangu na hakunisukuma. Mwishowe alinipigia.

"Usiandike ulichopika," alisema. "Andika usichoweza kupika."

Hivyo nikaandika kuhusu aliya, kwamba niliila nikiwa na miaka sita, kwamba nakumbuka ugumu wake na harufu ya siagi, na kwamba njia yake sina. Niliandika makala hayo asubuhi moja, nikayatuma bila kuyasoma tena. Barua zilikuja kutoka Migori, Siaya, Kisumu, na nyingine kutoka umbali wa nyumba tatu tu hapa Kabiro. Kila mtu alikuwa na aliya ya mama yake. Mmoja alisema nyama ikatwe nyembamba, mwingine akasema huyo mmoja hajui chochote. Nimezijaribu karibu zote. Baadhi ni nzuri sana, na ninaandika hivyo. Hakuna hata moja ambayo imenirudisha pale nilipokuwa na miaka sita, na sidhani kuna itakayonirudisha. Lakini ninaendelea kukata nyama na kuianika kwenye kamba juu ya paa, na mama mwenye nyumba ameacha kulalamika.

Jana mchana nilikuwa nimeketi na kurasa zangu mlango ukagongwa. Alikuwa jirani mpya, mwanamke kutoka upande wa Kakamega aliyehamia mwezi uliopita, ameshika mwiko, macho yamemvimba kwa mafua.

"Jirani, samahani. Wanasema wewe kazi yako ni kuonja."

"Ndiyo."

"Basi aki nisaidie. Leo sisikii kitu, na mume wangu anakuja na ndugu zake. Sijui kama hii mboga ina chumvi."

Nilimfuata hadi jikoni kwake. Ilikuwa kunde na mrenda, vimepikwa pamoja, kijani kizito kikichemka polepole. Alichota kwa mwiko, akapuliza, akanishikia mkono chini yake ili isidondoke. Nilionja. Akanikazia macho, akisubiri.

"Bado kidogo," nilimwambia. "Ongeza, halafu nionje tena."